Machozi Aliyoyataka Mwingereza

Leo nimemwagia maji uwanja wa nyumba, hapa Nizwa, na harufu ya vumbi lililorowa ikanijia. Ndivyo watu wa sinema walivyokuwa wakimwagia magofu ya kijiji cha Tanuf nilipokuwa mdogo, vumbi lisiingie kwenye kamera.

Mwongozaji wa ile sinema alikuwa Mwingereza. Juzi amekufa, na kwenye televisheni wamemsifu: alianza kwa kubeba waya, akaishia kupewa tuzo, na hakuna aliyejua kuwaliza watoto kama yeye. Mimi najua alivyokuwa akiwaliza.

Siku hizo mama alikuwa kalazwa hospitali. Nilitakiwa kulia mbele ya kamera, nikashindwa. Ami yangu, mkalimani wake, akanicheka: "Toka asubuhi, hata chozi la kuku huna." Mwingereza akamnong'oneza kitu. Ami akainama, akanambia, "Mwanangu, mama amefariki hospitali."

Nililia mpaka nikatapika, na wao wanapiga picha. Walipomaliza ami akasema, "Nilikutania. Mama mzima. Lakini wallahi usimwambie. Kumtajia mgonjwa kifo chake ni kumwitia."

Mama aliporudi nyumbani akanikunjulia mikono. Nikajificha nyuma ya bibi, nikimwogopa kama maiti aliyefufuka.

"Wiki tatu tu," mama akamwambia bibi, "keshanisahau."

Hakupata kupona sawasawa, kwa hiyo nikanyamaza miaka yote, nisije nikamuua. Walionifunga mdomo ni wale wawili, ami na Mwingereza wake, si mwengine. Na mama kafa akiwahadithia watu kwamba mtoto wake wa pekee alimsahau kwa wiki tatu.