Nyusi za Torika

Torika Vunibola alikuwa mgonjwa wa kulipwa. Siku nyingine aliuza magimbi sokoni Suva. Jumatano alivaa gauni safi akaenda chuo cha madaktari kuugua kwa kuigiza mbele ya wanafunzi. Alikuwa ameugua miaka sita: figo, kisukari, hata mimba akiwa na miaka hamsini na mbili. Aliipenda kazi hiyo, maana nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumsikiliza robo saa nzima.

Sasa ikaletwa akili bandia. Daktari Shalini, mwalimu, akaweka simu mezani.

"Hii itasikiliza na kuandika maelezo ya mgonjwa yenyewe. Mwanafunzi aulize, asome, atie sahihi. Na wewe Mama Torika, usiniharibie. Wakubwa wanataka kuleta wagonjwa wa kwenye kompyuta, wasiolipwa."

Leo alipangiwa ugonjwa wa moyo, akaapa kuugua kuliko siku zote.

Akaingia Eseta, mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

"Mama, kifua vipi?"

"Kinauma, mwanangu, kama kimekaliwa na ng'ombe."

"Maumivu yanashuka mkono wa kushoto?"

Torika akainua nyusi: kwao hiyo ni ndiyo kamili, asiyeiona ni kipofu.

"Jasho je?"

Nyusi juu.

"Kuna aliyekufa kwa moyo kwenu?"

Nyusi zikagusa nywele. Eseta akashukuru, akatia sahihi bila kusoma.

Shalini akasoma kwa sauti: "Mkono: hakuna. Jasho: hakuna. Ukoo: hakuna. Akapumzike nyumbani. Eseta, umemuua huyu mama."

"Lakini alisema ndiyo!"

"Nilisema!" Torika akadakia. "Mara tatu!"

"Simu haina macho, mama."

"Haina macho, na mnaipeleka kwa wagonjwa?"

Torika akaokota mkoba. "Basi nimeharibu. Narudi kwenye magimbi."

"Unakwenda wapi?" Shalini akamzuia. "Jumatano ijayo ufanye vilevile, kwa kila mwanafunzi. Na usiwaambie."

Torika akasimama kama aliyepotea njia. Kosa la nani sasa: lake, la Eseta, au la simu?

"Yaani niharibu?"

"Uharibu vizuri, ili wajifunze kusoma kabla ya kutia sahihi. Umeelewa, mama?"

Torika akainua nyusi.

Simu hawakuwa wameizima. Torika akaichungulia; imeandika: Kuelewa: hakuna.

Mshenzi, akawaza Torika akitoka. Hapo imepatia.