Mawe ya Njia ya Bwawani

Miaka ishirini na sita alifagia na kutunza maua katika bustani kongwe ya jiji. Wenzake walimwita Bi Fagio, naye hakukasirika. "Heri yangu mimi," aliwajibu, "nyie mnangoja upepo uwafagilie." Bustani aliijua nje ndani: lango la chuma linalolia likifunguliwa, kibanda cha duara ambamo zamani bendi ya polisi ilipiga muziki kila Jumapili, bwawa lenye samaki wa shaba anayetema maji, na njia pana ya mawe iliyolizunguka. Wageni wakiuliza historia, aliwasomea kibao cha langoni: bustani ilijengwa kwenye uwanja mtupu, ili wananchi wapate pa kupunga hewa.

Jumanne moja mafundi walikuja kutengeneza bomba la bwawa, ikabidi wang'oe mawe ya njia. Fundi mkuu alichomeka mtaimbo, akalipindua jiwe la kwanza, kisha akaita.

"Bi Fagio, hebu njoo uone."

Upande wa chini ulikuwa umechongwa jina na tarehe mbili. Wakapindua la pili. La tatu. Yote yalikuwa mawe ya makaburi.

Bi Fagio akataka kukaa, akakumbuka kwamba pa kukaa ni juu ya mawe yale yale, akabaki amesimama. Hapo ndipo alipokula chakula cha mchana miaka yote hiyo. Hapo ndipo binti yake alipojifunza kuruka kamba.

Jioni alipitia kwa mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, akamkuta anachambua mchele. Akamweleza, maneno yakigongana mdomoni. Mama hakushtuka. Aliusogeza ungo kando.

"Kaka yako yuko pale."

"Kaka gani, mama? Mimi si ndiye kifungua mimba?"

"Wewe ni wa pili. Wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Yalikuwa makaburi ya watu wa mabandani, sisi tusio na kitu. Wakabandika tangazo: wiki moja, kila mtu ahamishe wake. Baba yako alikuwa safarini, na mimi kusoma sijui. Nilipopata habari, walishasawazisha."

"Ukaniacha nifagie pale miaka yote!"

"Ulikuja unarukaruka, umepata kazi. Ningekwambia nini, mwanangu? Nikajisemea, angalau kaka yako amepata wa kumsafishia."

Bi Fagio alilia mpaka kwikwi zikamshika.

Asubuhi alimkuta injinia wa jiji akiagiza mawe yarudishwe yalivyokuwa, maandishi chini, kabla waandishi wa habari hawajanusa. Bi Fagio akaingia katikati ya njia iliyochimbuliwa.

"Hayarudi. Labda mnifukie nayo."

"Mama, toka hapo, unachelewesha kazi."

Fundi mkuu akaweka chini mtaimbo wake. Wenzake wakamfuata. Injinia akapiga simu, akafoka, akapiga tena, mwisho akaondoka zake.

Mawe arobaini na matatu yalioshwa, yakasimamishwa kando ya ukuta. La mtoto halikuwamo. Wazazi wake walimwekea kijiti tu.

Bi Fagio bado yuko kazini. Ila siku hizi, kabla ya kutia jembe kwenye tuta lolote la maua, hutulia kidogo, maana hajui chini yake kuna nani.