Raha Iliyotushika Njia ya Ngong

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja katikati ya Nairobi, na jambo hili alilitoa huko. Mkubwa wake, Mzungu, alizoea kubeba hema Jumamosi akalale milimani, na Jumatatu akarudi kazini amechangamka. Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha, amri za hali ya hatari zimelegea, na mume wangu akaona sasa ni zamu yetu.

"Tunakwenda Ngong," akaniambia. "Tutalala huko."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Tunamtembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu. Tunatembea tu."

Mimi nilikulia Maragoli, nikipanda na kushuka vilima na mtungi kichwani, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile ilikuwa raha. Lakini nilikuwa bado mke mpya, nina adabu. Nikafunga unga, sufuria na kuku mmoja hai, maana kwetu mtu haendi safari mikono mitupu. Yeye akabeba hema la mkubwa wake na kuvaa buti za huyo huyo mkubwa, ambazo zilimzidi hata baada ya kujazwa magazeti.

Basi lilitushusha Riruta, tukashika njia kwa miguu. Tulipopita Dagoretti alikuwa anachechemea. Alasiri vilima vya Ngong vikaonekana karibu kabisa, naye akaketi kando ya shamba la viazi.

"Hapa panafaa," akasema, kana kwamba alipachagua.

Mwenye shamba, mama mmoja wa Kikuyu, alitukubalia, ingawa nadhani hakuelewa tulichoomba. Mume wangu alipigilia vigingi kwa sufuria yangu mpya. Mimi nikamfunga kuku kwenye nguzo ya hema. Mvua ilipoanza kunyesha tukaingia ndani, radi ikapiga, kuku akaruka na nguzo yake, na hema lote likatulalia.

Yule mama akaja mbio, gunia kichwani. Akainua turubai, akatutazama.

"Nani amefukuza nyinyi kwa nyumba?"

"Hakuna, mama," mume wangu akajibu akiwa chali. "Nyumba tunayo, mjini. Hii ni raha tu."

"Woi, pole," mama akasema kwa huruma. "Na hiyo raha imewashika tangu lini?"

Alitulaza jikoni kwake, penye moto. Kuku tukampa yeye. Asubuhi alimwazima mume wangu viatu vya tairi, akatufungia viazi vya kuchemsha, akatuonyesha kijia cha kupandia, bila kuuliza tunafuata nini huko juu.

Kileleni upepo ulitaka kunivua kitambaa. Upande mmoja Nairobi ilikuwa ndogo kama ukoko wa sufuria. Upande wa pili ardhi ilianguka hadi Bonde la Ufa. Sikuwa na mzigo kichwani. Nikaketi, nikala kiazi changu polepole.

"Haya, tushuke," mume wangu akasema. "Miguu inaniuma, na basi litatuacha."

"Tangulia," nikamwambia.

Akashuka hatua chache, akageuka kunitazama, kisha akarudi kuketi kando yangu, akinung'unika.