Mkono Usiomaliza

Harelimana alikuwa amechoka hata kabla jua halijapanda. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka kambi ya Kibati hadi uwanja wa gofu ulio kando ya ziwa, Goma, amekwisha kufanya kazi ya siku nzima kabla hajashika chombo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mkimbizi wa vita vya Masisi, mfyeka majani kwa kupekupe, lile panga refu la kufyekea. Juma lile ilifika mashine ya kukata majani, na wafyekaji wote wakaachishwa kazi. Ilibaki nafasi moja tu: msaidizi wa Papa Zihindula, mwalimu wa gofu, ambaye bega lilikuwa limemharibikia na alitaka mtu wa kuwaonyesha wanagenzi namna ya kupiga. Harelimana akapewa hadi Ijumaa awe amejifunza. Akiikosa nafasi hiyo, binti zake wawili kule kambini watakula nini? Hilo ndilo lililomkondesha.

Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikuwa amekauka zamani. Hata hivyo pigo fupi, la kuusukuma mpira shimoni, alilipata siku ya kwanza. La nusu, fimbo ikiishia kiunoni, akalipata siku ya pili. Pigo zima ndilo lililomtesa: fimbo ipande nyuma ya bega la kuume, kiuno kizunguke, ishuke, ipige, kisha ipande tena hadi bega la kushoto. Harelimana alipiga, halafu akaikamata fimbo palepale mbele ya goti. Mpira ukaanguka karibu. Akarudia, na kurudia, mpaka viganja vikachubuka, na ukweli ni kwamba aliichukia ile fimbo.

Ijumaa asubuhi Papa Zihindula alimtazama akipiga, akaketi chini kwa kukata tamaa.

"Unasimamisha mukono njiani. Juu ya nini?"

"Ni kuzoea, muzee. Kwetu tunakata majani ku mustari, mutu pembeni ya mutu. Ukiacha kupekupe ipite, unakata muguu ya mwenzako."

"Na kushoto yako alikuwaka nani?"

"Bibi yangu Léoncie, mama ya batoto yangu. Miaka makumi mbili tulikata naye hivyo."

"Sasa eko wapi?"

"Kolera ilimubeba, kule kambini. Ni miezi tatu."

Mwalimu aliinuka. Akasimama nyuma yake, akasema polepole, "Basi angalia kushoto, ndugu yangu. Angalia muzuri."

Harelimana akaangalia. Palikuwa na majani matupu hadi ziwani.

Akapiga, na mkono akauachilia upite. Mpira ukaenda mbali. Papa Zihindula akapiga makofi, akamwambia kazi ni yake, aanze Jumatatu. Harelimana hakugeuka. Alibaki na fimbo begani, akilia, kwa sababu sasa hata mkono wake ulikuwa umekubali kwamba Léoncie hayupo.