Mguu Mfupi wa Kiti cha Nshoma

Mpe Rogasian mbao mpya, ataziegemeza ukutani mpaka mchwa wazizoee. Lakini mletee kiti kilichovunjika uone uso wake unavyokunjuka. Atakwangua gundi kuukuu kwenye kiungo, apake mpya, akaze kwa tyubu ya baiskeli iliyochanwa vipande virefu, kisha akae kando yake, macho kayafumba nusu. Sisi majirani zake hapa Nyantakara tunasema anavibembeleza viti. Yeye anasema gundi haipendi haraka. Mchana unapita hivyohivyo, moshi wa mabua ukielea juu ya mashamba, na mimi niliyekuwa napita kwa shughuli zangu najikuta nimekaa.

Mwaka jana bibi Kwandu alimletea kiti cha marehemu mumewe, Nshoma. Kilivunjika msibani kwake, kilipotolewa nje wageni wakikalie. Wanawe walikwisha kumnunulia cha plastiki, akakikataa.

"Miaka yote mimi nilikaa kwenye mkeka," alisema. "Mume wangu alikuwa mtu wa kunyamaza. Jioni mimi napika jikoni huko nje, yeye yuko ndani mlangoni, gizani, naona magoti tu. Anaangalia ng'ombe wake zizini. Hata asante sikuwahi kuisikia. Nataka nikae alipokuwa anakaa, fundi, labda nitamwelewa kidogo."

Rogasian alikiunga vizuri sana. Ila aliona mguu mmoja ni mfupi, na kwa wema wake, ambao wakati mwingine unakera, akaurefusha kwa kipande cha mbao ya mninga.

Kesho yake Kwandu alirudi akilia. "Kinayumba, fundi. Hiki si chake."

Tukamfuata nyumbani kwake. Mimi sikuitwa, nilikwenda kwa umbeya wangu. Rogasian alipiga magoti, akapitisha kiganja sakafuni taratibu, kama mtu anayempapasa ndama. Sakafu ya udongo ilikuwa na mabonde na vinundu, ikiteremka kuelekea mlangoni. Akacheka kwa aibu. Kumbe Nshoma mwenyewe ndiye aliyeukata ule mguu, kiti kiikubali nyumba yake.

Rogasian akatoa msumeno, akakiondoa kipande chake. Kisha akaanza kukizungusha kiti. Hapa kinacheza, pale kinacheza, akisogeza kidogokidogo, na mimi nikamfuata kwa macho hata nikasahau nimesimama katika nyumba ya watu. Mwishowe, hatua chache ndani ya mlango, kiti kikatulia tuli.

"Kaa hapo, mama."

Kwandu akakaa, akatazama nje. Akanyoosha shingo, akatazama tena.

"Mbona zizi silioni?"

Nilichungulia juu ya bega lake. Mwimo wa mlango ulikuwa umeliziba zizi lote. Kilichobaki mbele ya macho ni banda la jiko peke yake, mafiga matatu, na mahali Kwandu anapokaa akichochea moto.

"Labda tukisogeze kidogo," nilisema, maana mdomo wangu haujui kupumzika.

"Usikiguse!" Kwandu alinijibu kwa ukali. Kisha sauti ikamwishia. "Huyu mwanamume. Huyu mwanamume jamani, si angesema tu?"

Alilia. Rogasian akanivuta mkono tuondoke. Tulipofika mlangoni aliinama, akanikandamiza na mimi bega niiname, tukatoka tumejikunja hivyo, tusimzibie.