Punda wa Mahari

Mukaka, mama ya baba yangu, alisema Alhamisi tukiwa tunakula kwamba Jumatatu atapanda lori ya Beni, na akifika Beni atajua mwenyewe namna ya kufika kwake Mangina. Baba aliendelea kumega ugali kama hakusikia.

Mukaka alikuwa amekimbilia kwetu Butembo, hapa mtaa wa Mususa, bunduki zilipolia karibu na shamba lake la kahawa. Barabara aliyojia bado ilikuwa mbaya. Lori zingine zilifika, zingine tulisikia habari zake tu.

"Hapa ninaoza," alisema. "Munanikalisha kwa kiti kama mugeni. Hata maharagi munanikataza kuchambua. Mimi si askofu!"

Alisema kweli. Tulimheshimu mpaka akakosa cha kufanya.

Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja, donc mimi ndiye niliyejua habari ya filamu. Alipokuwa msichana, wamisionari walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa, wakaonyesha mtu na punda wake. Punda alibeba mahari ya kupeleka ukweni, akafika kwenye daraja, akakataa kuvuka. Mukaka alipokuwa akinisimulia alicheka mpaka akaketi kitandani. Tangu aje kwetu sikuwa nimemsikia akicheka. Nikajiambia: nikiipata filamu hiyo, atabaki. Ni wazo la mtoto, najua, mais sikuwa na lingine.

Jumamosi nilikwenda kwa muuza kaseti karibu na soko. Mimi ni mtu wa haya. Nikitumwa dukani, njiani ninarudia maneno nitakayosema, na nikikuta watu wengi ninapita kama nilikuwa ninaenda mahali pengine. Siku hiyo nilipita mara mbili. Kisha nikaingia.

"Tonton, jambo. Minatafuta filamu ya zamani. Ya mutu na punda. Punda anabeba mahari."

"Mahari?" Alicheka, na wateja wake wakacheka naye. "Bazungu banatoaka mahari tangu lini? Iko moja ya facteur, mutu wa posta. Punda anabeba barua, anakataa kuvuka daraja."

"Daraja iko?"

"Daraja iko, mahari haiko. Niko nayo namna tatu. Chagua, binti."

Alinichezea zote kwenye televizyo yake ndogo. Ya kwanza ilitoka Kampala kwa njia ya Kasindi, mpakani. Kaseti za namna hiyo walizinunua zaidi askari wa Uganda waliokuwa mjini. Juu ya picha mtu mmoja alikuwa akisema kwa Kiganda bila kupumua. Filamu yenyewe ni ya wakati ule ambapo watu kwenye picha hawakuwa na sauti, lakini huyu bwana aliwapa maneno wote, hata punda. Sikuelewa chochote. Ya pili ililetwa na wafanyabiashara wetu kutoka Dubai, na ilipendeza kwa nje. Ndani walikuwa wameipaka rangi. Facteur alikuwa na uso wa paipai lililoiva, na mto ulikuwa wa buluu ya sabuni. Nilimwomba aisogeze mpaka mwisho: walikuwa wamekata, daraja lenyewe lilionekana kidogo tu, kisha tangazo la redio za kuuza.

Ya tatu ilitoka kwenye kabati la masista. Nyeusi na nyeupe, piano peke yake, maneno machache ya Kifaransa yaliyoandikwa kati ya picha. Niliangalia utepe kwenye kidirisha cha kaseti: hakuna ukungu. Mwanzo safi, katikati safi, mwisho upo.

"Hiyo hakuna mutu anaipenda," alisema. "Ni kama kuangalia batu kwa dirisha."

Niliichukua hiyo. Nilirudi nyumbani ninajivuna kidogo, kama mtu aliyechagua vizuri kuliko wote sokoni.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda wote kwa mdogo wa baba, ambaye ana televizyo, mashine ya kaseti na groupe ya kutoa umeme. Tulimweka Mukaka mbele. Majirani walijaa mlangoni. Groupe ikanguruma, piano ikaanza, facteur akatoka nyumbani kwake akiwa na kofia kubwa.

Mukaka aliangalia. Mikono ilikaa juu ya kitenge chake. Facteur alianguka, watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hapana ile," alisema.

"Mukaka, ni ile. Angalia punda."

"Punda ni ule. Mais mahari iko wapi? Na mwenye kusema iko wapi?"

"Nani mwenye kusema?"

Ndipo akatueleza lile ambalo hakuwahi kunieleza, kwa sababu kwake lilikuwa sehemu ya filamu kama shuka lenyewe. Kando ya ukuta alisimama katekista na fimbo, akisema yote kwa Kinande. Ni yeye aliyesema kwamba mfuko ule ni mahari. Ni yeye aliyempa punda sauti ya shemeji mkaidi. Mimi nilikuwa nimezunguka soko nikitafuta kaseti ya maneno yaliyokuwa kinywani mwa katekista.

Mukaka alishika fimbo yake ili asimame. "Sawa. Nimeona. Niende nikafunge bitu yangu."

"Ngoja!" nilisema. Sauti ilitoka kubwa, hata mimi nilishtuka. "Nitasema mimi."

Yaya, kaka yangu mkubwa, alipiga kofi kwenye paja. "Huyu? Huyu anaogopa kuomba chumvi kwa butike!"

"Mwache," alisema Mukaka, akaketi tena.

Tulirudisha kaseti mwanzo. Nilisimama kando ya televizyo. Kinande changu ni cha mjini, nusu Kiswahili. Nikasema: huyu bwana ameamka mapema, leo anapeleka mahari, na mfukoni kuna...

"Mbuzi!" Mukaka akasema.

"Mbuzi haziingii mfukoni," Yaya akasema.

"Nyamaza wewe, utaoa nini na huo mudomo?"

Watu walicheka. Nikaendelea. Punda nilimpa sauti ya Yaya, yule asiyeamka asubuhi, na mlango mzima ukamtambua. Nilipokosa neno la Kinande, Mukaka alinirushia. Nilipokosea njia ya desturi, alinikatiza: "Hapana! Hawezi kufika ukweni bila mushenga. Huyo mwenye baiskeli ndiye mushenga." Basi mwenye baiskeli, aliyekuwa anapita tu kwenye picha, akawa mshenga. Tulisema wawili sasa, yeye kitini, mimi nimesimama. Mukaka alicheka hadi akafuta macho kwa kitenge.

Tulifika kwenye daraja. Punda akaweka mguu mmoja juu ya mbao, akaurudisha. Hapo groupe ikakohoa na kuzima. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na siku ya Mungu hakuna aliyekuwa akiuza jirani.

"Donc haijafika?" Mukaka aliuliza.

"Haijafika."

"Na bakwe wanangoja hivyo?"

"Wanangoja."

Alifikiri. Baba alikuwa anamwangalia.

"Kesho mafuta itapatikana?"

"Kesho jioni," alisema mdogo wa baba haraka.

Asubuhi alinituma kwenye maegesho nimwambie dereva wa lori ya Beni kwamba hasafiri. Dereva alikuwa anafunga kamba za mzigo, watu wamemzunguka. Nilipita katikati yao.

"Mukaka wetu haendi leo."

"Anaenda siku gani basi?"

"Sijui," nilisema. "Tungali na mahari ya kufikisha."

Aliniangalia, kisha akampa mtu mwingine nafasi ya Mukaka. Nyumbani nilimkuta Mukaka ugani na ungo wa maharagi magotini, na mama hakumkataza.