Maswali ya Kisimani Chibwe

Loisi alikuwa na tabia moja iliyomchosha mumewe: hakuweza kusikia jambo akaliacha lipite. Akiambiwa kitu kimetengenezwa, atataka kujua kimetengenezwaje, nani alikiona, na huyo aliyekiona alikuwa na macho mazima au la. Mumewe, Mwalimu Methusela, alifundisha watoto wa misheni kusoma pale Chibwe, kitongoji kilicho mwendo wa siku moja kutoka Dodoma, na yeye ndiye aliyemfundisha Loisi herufi kabla hawajaoana. Baadaye alisema kwa utani kwamba angejua mapema, angeishia kwenye herufi M.

Kila mwezi tarishi alimletea Methusela gazeti la Kiswahili kutoka pwani. Lilifika limechakaa kwenye mikunjo, na habari zake zina umri wa miezi miwili. Methusela alisoma mahubiri na amri za serikali ya Wajerumani. Loisi alichukua kilichobaki, yaani ukurasa wa mambo mapya ya ulimwengu, akaenda nao kisimani.

Anayedhani kisimani watu huchota maji, huyo hajafika Ugogo wakati wa kiangazi. Kisimani watu hungoja. Kisima cha Chibwe kilikuwa shimo lililochimbwa katikati ya mchanga wa korongo, refu kumzidi mtu, na chini yake maji yalitoka taratibu, tone kwa tone. Mwanamke alishuka na kata yake ya kibuyu, akakwangua, akangoja, akakwangua tena. Mitungi ilipangwa juu kwa zamu, na mtungi ukishawekwa kwenye mstari hakuna wa kuupita, awe mke wa jumbe au mama mkwe wa nani. Jua likifika utosini walikifunika kisima kwa miiba wakakiacha kilale mpaka saa tisa, ili maji yakusanyike. Kwa hiyo muda wa kusomewa gazeti ulikuwepo, tena wa kutosha.

Siku ya kwanza Loisi aliwasomea habari za chombo cha Ulaya kinachoruka angani kikiwa kimejazwa hewa nyepesi, tena kimebeba watu. Priska, jirani yake, mke mdogo mwenye maneno machache, aliuliza kinafungwa wapi kikishuka, na kikikatika kamba nani anakikimbilia. Bibi Tabu naye alikuwa akisikiliza. Huyu alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, mwanamke mtu mzima aliyeletwa Ugogo na ndoa yake ya pili, na watu walimheshimu kwa umri wake na kumwogopa kwa ulimi wake. Kisha akasema mume wake wa kwanza naye alikuwa amejaa hewa tupu, lakini hakuwahi kuinuka hata kwenye kigoda.

Walicheka hadi aliyekuwa shimoni akapanda kuuliza kuna nini.

Habari ya pili ilikuwa ya mwanga unaopenya nyama na kuonyesha mifupa ya mtu aliye hai. Ruthu, aliyewazika watoto wawili mwaka wa njaa, alisema mwaka ule walionana mifupa bila mwanga wowote, na hakuna aliyewaandika gazetini. Hapo hakucheka mtu. Habari ya tatu ilikuwa ya mashine inayogandisha maji yakawa magumu kama jiwe, na hiyo ndiyo iliyowaudhi wote. Walitaka kujua ni mtu gani huyo mwenye maji mengi kiasi cha kuyafanya mawe.

Loisi alirudi nyumbani, akaomba karatasi, akayaandika maneno yote jinsi yalivyosemwa. Methusela alipogundua kwamba barua inakwenda kwa mhariri, alisimama kidogo mlangoni. Aliuliza kama ni lazima mume wa kwanza wa Bibi Tabu aende nayo. Loisi akasema ni lazima. Barua ikaenda.

Ilirudi miezi minne baadaye, imechapwa, kwenye safu ya maswali ya wasomaji. Loisi alipoona maneno yake katika herufi za mashine alilisoma gazeti amesimama katikati ya ua kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Mhariri alikuwa mtu wa kazi, asiye na mchezo. Alijibu kwamba chombo hufungwa kwenye banda kubwa kwa kamba nyingi. Kuhusu hewa alieleza kwamba hewa inayotumika ni ya namna ya pekee, wala haipatikani ndani ya waume. Bibi Tabu aliomba asomewe sehemu hiyo mara tatu, kisha akasema mhariri ni kijana mwenye akili, ila hajaoa.

Katika wiki hizohizo ndipo kigingi kilipoonekana.

Kilikuwa mti ulionyooka, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kilichomekwa hatua kumi tu kutoka kisimani. Waliokuwa wakichunga ndama walisema Mzungu mpima reli alipita pale saa tisa kasoro kidogo, wanawake wakiwa bado majumbani. Alifunua miiba, akatumbukiza fimbo yenye alama, akaonekana kufurahi, akaandika. Siku ya pili jumbe aliwatangazia kwamba bwana amekipenda kisima. Reli ikifika, gari la moshi litakunywa pale, nao watu wa Chibwe wakae mbali nacho.

Kisima kingine hakikuwepo karibu. Kukosa kile ni kuhama, na kuhama kiangazi na watoto wadogo ni jambo ambalo Ruthu alilijua kuliko wote. Lakini Loisi, hata katika hofu, alishikwa na swali. Gari la chuma linakunywa maji. Linakunywa kiasi gani? Na likishakunywa, linapata tena kiu baada ya muda gani?

Akamwandikia mhariri, safari hii bila utani hata kidogo. Aliomba jibu kwa mitungi, maana vipimo vya Kizungu vingemsumbua.

Jibu lilikuja mapema kuliko alivyotegemea. Mhariri aliandika kwa fahari, kwa sababu alilipenda sana gari la moshi. Alisema tangi lake likijazwa humeza mitungi mia nne hivi, na baada ya mwendo wa saa chache hutaka tena, na magari yatapita kila siku.

Loisi aliusoma mstari huo mara moja tu. Kila mwanamke pale alijua kisima chao, siku ikiwa njema, hutoa mitungi sabini mchana na usiku. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Priska aliyapanga mawe mchangani, jiwe moja kwa siku moja, akaona gari lingemaliza maji yao ya siku sita kwa kunywa mara moja.

"Basi bwana hajui," Loisi alisema. "Amekiona kisima kikitoka kulala. Amedhani ndivyo kilivyo siku zote."

"Na nani atamwambia?" Ruthu aliuliza.

Hawakumtazama mtu mwingine ila Loisi.

Mpima reli alirudi baada ya siku nne kukamilisha vipimo vyake, na saa yake ilikuwa ileile, karibu saa tisa. Alikuwa mwembamba, shingo imebabuka kwa jua. Nyuma yake alikuja mkalimani wake, Mustapha, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi kupita kiasi kwa mahali kama pale, na askari mmoja mwenye kiboko mkandani. Wanawake walikuwa wote wamekaa kando ya mitungi yao. Mustapha aliwaambia waondoke.

Loisi alikitazama kile kiboko. Alikuwa ameona migongo ya watu waliojibu vibaya. Hata hivyo alipiga magoti, akamsalimia bwana kwa "Mbukwa" ya kikwao, akamwomba Mustapha amfikishie neno moja.

"Mwambie bwana, maji ya hapa hayapimwi kwa kina. Yanapimwa kwa kungoja."

Mustapha alisita, akamtazama askari, kisha akatafsiri. Mzungu hakukasirika. Alikunja uso kama mtu aliyeambiwa jambo alilopaswa kuwa amelifikiri mwenyewe, akauliza mwanamke huyu ana maana gani. Loisi akamwomba aache wachote maji yaliyokuwepo, yote, mbele yake, halafu atoe ile saa yake ya mfukoni.

Wakachota. Mtungi wa kwanza ulijaa upesi, na wa pili, na wa tano. Ulipofika wa kumi kata ilileta tope, na wa kumi na moja haukujaa. Mzungu alichungulia chini, akaona mchanga uliolowa na kidimbwi kisichozidi kiganja. Akaifungua saa yake. Wakakaa.

Mtungi uliofuata ulichukua dakika ishirini. Aliandika. Uliofuata dakika ishirini na mbili. Akaandika tena. Kufikia hapo chupa yake ya maji ilikuwa imekwisha, akamwambia Mustapha amchotee. Mustapha alisogea kisimani na ndoo, na Bibi Tabu, bila kuinuka, akaipokea ndoo ile mikononi mwake na kuiweka kwenye mstari, nyuma ya mtungi wa Ruthu, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Mbele yake palikuwa na mitungi minne. Askari alishika kiboko. Mzungu aliitazama ndoo yake pale ilipo, akaitazama saa, akamwashiria askari akae chini.

Na kwa kuwa aliyekaa hana budi kuzungumza, Loisi alimuuliza yote. Aliuliza kama kile chombo cha angani amekiona kwa macho yake. Akajibu amekiona, juu ya ziwa la kwao, na watu walivua kofia wakasahau kuzivaa tena. Kilivuma? Kilivuma kama nyuki. Mle ndani ya saa kuna nini kinachosukuma? Mzungu akaufungua mfuniko wa nyuma, na vichwa vitano vya wanawake vikakutana juu ya vigurudumu vidogo vya shaba vilivyokuwa vikihangaika mle. Bibi Tabu aliuliza vinakula nini. Vinakazwa kwa ufunguo kila asubuhi, alijibiwa. Akasema basi chombo hicho ni heri kuliko kinachokunywa mitungi mia nne. Mustapha alitafsiri hilo huku akitazama pembeni, na Mzungu akacheka, kisha akaacha kucheka.

Zamu ya ndoo ilifika saa kumi na moja imepita. Walimpa nusu ndoo, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Alikunywa, akasaga mchanga kwa meno, akawapa Mustapha na askari. Halafu alikwenda mwenyewe kwenye kile kigingi, akakitikisa huku na huku mpaka kikatoka, akaondoka nacho begani.

Usiku ule Chibwe ilikula ugali wa mtama kwa kelele kama ya harusi. Methusela hakumkaripia mkewe. Alimwambia tu kwamba angejua mapema, angemfundisha mpaka herufi Z mara mbili.

Miezi minne ikapita, na gazeti likaja na habari ambayo Loisi aliitambua kabla hajaimaliza. Ilisema fundi mmoja wa reli amegundua jambo jipya la elimu: kwamba visima vya mchanga vya Ugogo huonekana vimejaa lakini hujaa polepole, na kwamba kipimo cha kweli ni muda wa kujaa. Kabla ya hapo, lilisema gazeti, jambo hilo halikujulikana.

Kisima kizima kilicheka. Bibi Tabu alijifuta macho kwa upindo wa nguo yake. "Mwandikie yule kijana," alimwambia Loisi. "Muulize, kabla bwana hajagundua, sisi hapa tulikuwa tumekaa tunangoja nini?"

Loisi naye alikuwa bado akicheka alipoendelea kusoma, na ndiyo sababu alitamka jina kabla hajalielewa. Kwa kipimo hicho kipya, gazeti liliendelea, fundi yule amekaa na saa yake kwenye kila kisima njiani, naye amekuta kimoja ambamo mtungi hujaa katika dakika mbili. Hicho ndicho kitakachonywesha gari la moshi, na kazi ya kukizungushia ua imekwishaanza. Kiko Igungili.

Igungili ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka pale. Priska alizaliwa huko, na mama yake alikuwa anachota kwenye kisima hicho mpaka leo.

Priska alisogea karibu. Aliomba aonyeshwe neno hilo kwenye karatasi, ingawa hakujua kusoma, akaliwekea kidole. Loisi alitamani ardhi immeze. Ni yeye aliyesema maji yanapimwa kwa kungoja. Alidhani anaokoa kisima, kumbe alikuwa anamfundisha mtu jinsi ya kutafuta kilicho bora.

Jioni ile aliandika swali moja tu: watu wa Igungili wanywe wapi? Alinunua bahasha, akampa tarishi mkononi. Mwezi wa kwanza hakuliona kwenye safu ya maswali, wala wa pili, wala wa tatu. Mhariri alikuwa amejaza ukurasa kwa picha ya daraja.

Wanawake wa Igungili waliwasili mwezi wa nne, alfajiri, mitungi kichwani, wengine na watoto mgongoni. Walisimama mbali kidogo na mstari, kwa haya ya mtu anayejua anakuja kurefusha kungoja kwa wenzake. Mama yake Priska alikuwa wa mbele. Mstari tayari ulikuwa mrefu, na kisima kilikuwa kilekile cha mitungi sabini.

Loisi alikwenda kuupokea mtungi wa yule mama, akauweka mbele ya mtungi wake mwenyewe.